Mchele Uliochaguliwa Uani Kwangu

Niliolewa Msambweni nikitokea juu Kwale, vilimani, nikiwa msichana nisiyejua hata kupara samaki. Kwetu tulikula sima, muhogo na mboga za kuchuma, na samaki tuliyemjua ni yule mkavu aliyefika sokoni akiwa hana tena sura ya samaki. Aliyenifundisha kupara, kukuna nazi kwa mkono mwepesi na kupika wali usiwe bokoboko ni mwanamke wa nyumba ya jirani. Kati ya ua wake na wangu palikuwa na wigo wa makuti, na katika wigo ule palikuwa na upenyo ambao sisi wenyewe tuliupanua kwa kupita kila saa, mara huyu amefuata moto, mara yule amefuata chumvi, mara nyingine hakuna anachokifuata mtu. Alinizidi umri sana, tena alikuwa na binti mkubwa, lakini hakutaka nimwite mama.

"Niite shoga," aliniambia. "Ukiniita mama utanizeesha kabla ya siku zangu."

Mume wangu alikuwa fundi wa kupiga lipu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mtu alikuwa na lake alilolitarajia. Kwetu pwani ya kusini habari zilikuwa za Diani, kwamba mahoteli yanajengwa ufuoni na fundi mwenye mkono mzuri hawezi kukosa kazi. Mkono wake ulikuwa mzuri. Akaenda. Mwanzoni alikuwa akirudi kila mwisho wa mwezi, na siku hiyo nyumba yetu ilijaa watu. Wazee walikuja kumjulia hali, vijana walikuja kuuliza kama bado watu wanaandikwa, na wanawake walikuja kunitazama mimi, niliyekuwa nimevaa alichoniletea. Sitaficha kwamba nilipenda kutazamwa. Nilikuwa mtu wa kuja, sina ukoo pale, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakinitaja kwa heshima: mke wa fundi wa Diani. Nikaanza kusema kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani. Nikaanza kugawa sukari bila kuombwa, na nikahakikisha naonekana nikigawa.

Kisha akaanza kuruka miezi. Kisha hakuja kabisa. Mvua za masika zikanyesha zikaisha, na hakutokea yeye wala salamu zake.

Ningeweza kumwendea shoga yangu wakati ule ule nikamwambia kwamba mume wangu haonekani. Upenyo ulikuwa pale. Badala yake nilianza kutunga maneno. Nikiulizwa, nilisema amenitumia salamu kwa dereva wa basi. Nilisema tajiri wake hampi ruhusa. Nilisema amehamishiwa jengo jingine, kubwa zaidi, la ghorofa. Wanawake walinisikiliza, wakaitikia, "Alhamdulillahi, bora uzima," na hawakuongeza neno. Nikadhani wameamini.

Uongo ule ulinipa kazi kuliko shamba. Kila Ijumaa baada ya sala, kina mama wa mtaa tulikuwa tukikaa uani kwa mmoja wetu, kila mtu akija na alichojaliwa. Huyu alileta vibibi, huyu muhogo wa nazi, huyu chai tu. Mimi niliyekuwa mgawa sukari sikuwa tena na cha kubeba, na kwenda mikono mitupu niliona ni sawa na kwenda uchi. Nikaacha kwenda. Nilisema mtoto ana mafua. Nilikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza anaanza kusema. Kisimani nilikwenda jua likiwa la utosi, wakati hakuna mtu, nisije nikaulizwa habari. Na siku moja nilichukua makuti nikauziba ule upenyo. Shoga yangu aliponiuliza, nilimwambia mbuzi wanapita wananilia mchicha. Hapakuwa na mchicha. Aliyatazama yale makuti, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Tangu hapo akawa anazunguka njiani akija kwangu, anapiga hodi kama mgeni, nami namkaribisha kama mgeni.

Nilishona makuti ya kuezekea nikayauza kwa watu wa mbali wasionijua, na tukala muhogo. Siku nyingine tulikula muhogo bila chumvi. Chumvi ilikuwa ng'ambo ya wigo, na sikuifuata.

Basi binti wa shoga yangu akaposwa, posa ikakubaliwa, na harusi ikapangwa. Pale kwetu harusi haikuwa ya mwenye mtoto peke yake, kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Kina mama walikwenda dukani wakachagua leso ya sare, nyekundu, yenye maua meupe kwenye pindo, wakakubaliana kuivaa kuanzia siku ya kuchagua mchele hadi harusi iishe. Shoga yangu alinijia na doti moja, akapiga hodi, akaitandaza mapajani pangu.

"Hii ndiyo sare, shoga. Tazama. Wenzangu walitaka ya kijani, nikakataa. Kijani hupauka upesi."

"Nzuri," nilisema. "Rangi yake imetulia."

"Nikuwekee yako dukani? Zinakwisha."

"Usijisumbue. Mume wangu ataniletea. Nimekwisha kumpelekea habari."

Aliikunja ile leso polepole, pindo juu ya pindo. Aliinua uso kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema jingine.

"Siku ya mchele usichelewe. Wewe ndiye mwenye macho."

Alikuwa amenisifu, kwa sababu ni kweli nilikuwa hodari wa kuona vijiwe katika mchele. Alipotoka nilibaki nimekaa pale pale nikihisi uso unaniwaka.

Siku ya mchele ilipofika, nilisikia vicheko mapema ng'ambo ya wigo. Nikachungulia katikati ya makuti. Ua ulikuwa mwekundu wote. Walikuwa wameketi mikekani kwa duara, teo za kupepetea mapajani, na kila mmoja wao, hata wale niliowajua kuwa hawana kitu, alikuwa na sare. Sijui walizipataje. Labda walikopeshana, labda walisaidiana, mambo ambayo wanawake hufanya wakikaa pamoja siku za Ijumaa. Nilijitazama. Nilikuwa na leso yangu ya zamani, imechujuka hata maua yake hayajulikani ni maua gani.

"Shoga," aliita. "Tunakungoja wewe."

Sikuwa nimepanga neno. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Naumwa."

Nikapanda kitandani upesi nikajifunika gubigubi. Nilidhani neno lile litaninunulia siku moja ya kuachwa. Nilikuwa nimekaa Msambweni miaka yote ile na bado sikujua kwamba pale, mtu akisema anaumwa, ni kama amewaita.

Shoga yangu hakuzunguka njiani. Nilisikia makuti ya wigo yakichanwa, na mara alikuwa ndani, ameweka kiganja kwenye paji la uso wangu.

"Huna homa."

"Ni ndani," nilisema. "Tumbo. Na kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Tangu jana, na mimi niko hapo." Hakusema kwa hasira. Alimbeba binti yangu kiunoni, akatoka. Nikasikia akizungumza ng'ambo, na vicheko vikakatika. Kisha nikasikia nyayo nyingi, na mikeka ikiburutwa, na sauti yake ikisema, "Leteni na magunia. Hatuwezi kukaa tukicheka huku na mwenzetu analala peke yake. Mchele tutauchagulia kule."

Wakaja wote. Waliingia mmoja mmoja chumbani, wakanishika mkono, wakaniambia pole, wakauliza usiku nililalaje, kisha wakatoka kwenda kuketi uani kwangu. Ua ambao kwa miezi sikutaka mtu aukanyage ulijaa watu na sare zao. Mimi niko kitandani, mzima, miguu mizima, nasikia mchele ukimiminwa kwenye teo na vidole vikiutawanya. Walikuwa wamepunguza sauti kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililonitesa. Watu wenye harusi walikuwa wakinong'ona kama wako msibani, kwa sababu yangu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mnene, mcheshi, ambaye hakuna harusi iliyopita bila yeye kutuvunja mbavu. Yeye ndiye aliyesema, "Mgonjwa ametiwa nini tumboni? Ngojeni nimpikie uji," akaingia jikoni kwangu.

Nilitaka kuita nimzuie, lakini mgonjwa hana sauti ya kuita hivyo. Nikasikia anasogeza vyungu. Nikasikia kifuniko cha debe la unga kikifunguliwa, na ule mlio wa debe tupu, ambao hauwezi kufanana na mlio mwingine. Kisha nikasikia kifuniko cha kopo la sukari. Kisha cha chumvi. Kisha kimya. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Kule uani pia palinyamaza, vidole vikaacha kutawanya mchele, na nikajua kwamba kila mtu amesikia nilichosikia mimi. Nilivuta leso nikaifunika kichwa. Nilitamani niwe mgonjwa wa kweli, wa kufa.

Akatoka jikoni akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mimi nina mwiko wangu mmoja. Uji wa mgonjwa siupiki ila kwa unga nilioutwanga mwenyewe. Nafika nyumbani mara moja."

"Nenda," walimjibu. "Fanya haraka."

Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza ni mwiko gani huo ambao hawajapata kuusikia. Aliporudi alikuwa na kapu. Nilisikia akimimina unga ndani ya debe langu kwa uangalifu, polepole, usifanye mlio.

Shoga yangu ndiye aliyeniletea uji chumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaninywesha kwa kijiko, baada ya kupuliza. Ulikuwa uji wa nazi, una sukari na iliki. Tangu jana yake sikuwa nimekula ila kipande cha muhogo. Mgonjwa hukataa chakula, akabembelezwa. Mimi nilijua hivyo na nilikusudia kukataa. Lakini kijiko cha kwanza kilipogusa ulimi, tumbo halikunisikiliza. Nilikunywa uji ule wote kama mtu aliyetoka kulima, nikakwangua na bakuli. Shoga yangu alilitazama bakuli. Akatoka, akarudi nalo limejaa tena. Uani nilimsikia binti yangu akiomba aongezewe, na mtu akimwambia, "Kunywa, mwanangu, upo mwingi."

Ilikuwa imebaki siku chache tu binti wa yule mwanamke aolewe. Alikuwa na wageni wa kuwapokea, na hina, na mapambo, na mambo ya mahari, na yeye amekaa akinipulizia uji mimi niliyekuwa mzima.

Baadaye wakaanza kushauriana. Mmoja alisema aitwe mwalimu wa chuo cha Kurani aniandikie kombe, ninywe maneno ya Mungu yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Mwingine akasema kombe ni zuri lakini tumbo la siku mbili linataka daktari, wanaume waitwe kutoka mashambani wanibebe na kitanda mpaka hospitalini. Kisha nikasikia sauti ya shoga yangu.

"Kama hali ndiyo hii, mimi harusi nitaisogeza. Nitawaambia wakwe zangu. Siwezi kupiga ngoma na yeye amelazwa."

Hapo jasho lilinitoka kweli. Nilikaa kitako. Wakati ule ule pazia lilifunguliwa, akaingia somo yangu.

Somo ni yule mwanamke anayemfunda bi harusi. Mimi kwa kuwa nilitoka mbali, somo yangu alichaguliwa pale pale Msambweni na upande wa mume. Alikuwa mama mkavu, mdomo mwekundu kwa tambuu, na ulimi wake haukuwa na asali. Wengi walimwogopa. Alifunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Umeketi. Umepona?"

Nilivuta leso mpaka kidevuni.

"Nakuuliza. Nje wanataka kukubeba kitanda. Mwenzako anataka kuvunja harusi ya mwanawe. Unaumwa nini?"

"Siumwi," nilisema. Lilikuwa neno dogo, na lilinitoka kwa shida.

"Najua huumwi. Nimeuliza una nini."

"Sina sare." Nikaanza kulia. "Sina sare, somo, wala sina unga. Mume wangu haji. Hajanitumia salamu wala chochote. Yote niliyokuwa nikisema, nimeyatunga."

Nilitegemea ashangae. Aliisogeza tambuu upande wa pili wa shavu.

"Hayo tunayajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua kuwa haji. Tangu kabla ya masika. Mume wa mwenzako hapo alimwona huko Diani, ana nyumba na mtu mwingine. Dereva wa basi unayesema alikuletea salamu ni mtoto wa dada yangu."

Nadhani hakuna saa katika maisha yangu niliyoona haya kama saa ile. Kukosa kitu nilikuwa nimezoea. Kilichonipasua ni kukumbuka nyuso zao, zile Ijumaa za kabla sijaacha kwenda, mimi nikieleza habari za jengo la ghorofa, nao wakiitikia bora uzima.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulitaka tukuambie?" aliuliza. "Uliziba njia ukasema ni mbuzi. Mwenzako alikaa kwangu akalia siku hiyo. Nikamwambia mwache, atafungua mwenyewe." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Unajua umetufanya sisi watu gani? Umetufanya watu wa kuonewa haya. Umelala na njaa, na mtoto, na mimi nyumbani kwangu unga unaingia wadudu. Ulituficha njaa yako, kwani tuna meno ya kukuuma?"

Hakunibembeleza. Aliacha nilie mpaka niishiwe, kisha akaninyoshea pindo la leso yake nijifute. Ilikuwa ile sare mpya. Nilisita, akanisukumia.

"Sasa nisikilize. Nitatoka niwaambie ni kichwa, kimepoa. Hakuna atakayekuuliza. Siku ya harusi wewe utakaa jikoni, kwenye wali. Jikoni hakuna anayevaa sare mpya, moshi utaiharibu. Umesikia?"

"Nimesikia, somo."

"Na uinuke. Mchele haujaisha."

Akatoka. Nilimsikia akisema, "Ni kichwa. Kimepoa," na wote kwa pamoja wakasema alhamdulillahi, kama watu walioamini. Nilifunga leso yangu iliyochujuka, nikanawa uso, nikatoka uani. Walisogea, wakanipisha mahali kwenye mkeka, mtu akaniwekea teo mapajani. Niliinamisha macho kwenye mchele. Sikumtazama mtu mpaka jua likageuka, na vijiwe vyote nilivitoa.

Ningependa kusema kwamba hapo haya zilikwisha. Hazikwisha. Siku zilizofuata mtu akinipa kitu nilikipokea bila kumwangalia. Shoga yangu alikuwa mpole kwangu kupita kiasi, ananisemesha taratibu kama mtu aliyefiwa, na upole wake ulinielemea kuliko uongo wangu wa mwanzo. Sikujua niishi naye vipi. Zamani tulikuwa tukibishana na kunyang'anyana mwiko. Sasa kila nilichosema alikubali.

Siku ya harusi nilikuwa jikoni tangu alfajiri, uani nyuma ya nyumba, masufuria makubwa juu ya mafiga ya mawe. Moshi ulinifaa, kwa kuwa anayetoka machozi jikoni haulizwi. Wageni walikuja kutoka Ukunda na kutoka Kombani, na wengine walipita nyuma kusalimu wapishi. Mwanamke mmoja wa Ukunda, aliyevaa vizuri sana, alinitazama toka juu mpaka chini akamwuliza shoga yangu, na sauti yake haikuwa ndogo.

"Na huyu mbona hana sare? Ni mfanyakazi?"

"Sare ni yenu wageni, mpate kujulikana," shoga yangu alijibu. "Huyu ni wa nyumbani."

Nilisimama na mwiko mkononi. Yule mgeni alikwenda zake, shoga yangu naye akaenda kushughulika na bwana harusi, na mimi nilibaki nimesimama pale, nikilirudia neno lile kichwani, mara naliamini, mara naona ni la kunisitiri tu kama ule mwiko wa uji. Nilikuwa nimepalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria kubwa kuliko zote, na nilipaswa kuupunguza moto wa chini. Sikuupunguza. Niliposikia harufu, wali ulikuwa umeungua toka chini hadi karibu na katikati.

Shoga yangu alikuja akikimbia, amevaa dhahabu zake zote. Alifunua sufuria. Akanigeukia, na uso wake sikupata kuuona hivyo.

"Umeniunguzia wali wa harusi ya mwanangu," alisema. "Macho yako yalikuwa wapi? Kazi moja nimekupa. Moja. Na wakwe wameketi wanasubiri."

Alinisema mbele ya wapishi wote. Alinisema kwa vijiwe, kwa nazi niliyotia chache, kwa uvivu wangu wa kuchutama, mpaka yule mcheshi akaja akamtoa. Wali wa juu ulipakuliwa, ukachanganywa na wa sufuria nyingine, na watu wakala wali wenye harufu ya moshi, na wapo walioukumbuka miaka mingi. Mimi nilibaki nikikwangua sufuria, uso unaniwaka, na nilikuwa nimeona haya hadi kwenye kucha. Lakini haya hizi zilikuwa za namna nyingine. Nilikuwa nimeunguza wali, nimekaripiwa, basi. Ni haya za mtu aliyekosea kwao.

Hakunisemesha siku ile wala ya pili yake. Siku iliyofuata alipita penye upenyo bila hodi, akasimama mlangoni, bado amenuna.

"Una chumvi?"

"Ninayo," nilisema. Ilikuwa ile ya kapu la mcheshi.

"Nipe. Yangu imekwisha na harusi."

Nikampa. Akaenda. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, na binti yangu akacheka kwa kuniona nikicheka.

Baada ya harusi mume wa shoga yangu alikwenda Diani, mara hii kwa makusudi ya kumwona mume wangu uso kwa uso. Aliporudi alipiga hodi kwangu yeye na mkewe, wakaketi, akaniambia kwa adabu, akiangalia sakafu. Mume wangu alikuwa ameoa. Hakukana. Alisema hana nia ya kurudi Msambweni, na talaka yangu ataileta mbele ya kadhi. Ikaja baadaye, kama alivyosema.

"Utarudi kwenu Kwale?" aliniuliza yule bwana. "Nitakusindikiza."

Nilisema nitafikiri. Lakini nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Walipoondoka nilioga, nikajifunga, nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka. Ilikuwa alasiri, kina mama wako nje wanapepeta na kusukana nywele. Nilijua habari itafika kila nyumba kabla ya jua kuzama, na kwa mara ya kwanza nilitaka ifike kwa mdomo wangu. Nilianza kwa somo yangu. Nikaenda kwa yule mcheshi. Nikaenda kwa wale walionishika mkono kitandani. Kila mlango nilisema maneno yale yale, kwamba mume wangu ameoa Diani, harudi, na kwamba niliyokuwa nikisema zamani hayakuwa kweli. Sauti ilinitetemeka kila mara, haikuzoea. Wengine walisema pole. Somo yangu alisema, "Umechelewa, lakini umesema." Mmoja alilia kuliko mimi, kwa kuwa wa kwake alikuwa amemwacha vivyo hivyo miaka ya nyuma na mimi sikujua, maana sikupata kumwuliza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kikongwe mmoja aliyekaa karibu na kisima, mwanamke niliyekuwa nikipita mbele yake kila siku jua la utosi nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikuwa akiambua kunde barazani. Nilimwamkia, nikamweleza. Hasikii vizuri, ikanibidi nirudie kwa sauti kubwa, na wapita njia wakasikia.

"Ameoa?" aliuliza.

"Ameoa, bibi."

Alitikisa kichwa, akasogeza miguu yake mkekani pakapatikana nafasi.

"Basi mtue mtoto, ukae. Hizi kunde ni nyingi, na mimi vidole vyangu vinauma."

Nikamtua mtoto, nikakaa.